"Madamu, tunaomba utufundishe": barua ya mwalimu wa kidato cha pili

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu lisitoke, shule wala mkoa pia usitaje maana huku tunajuana. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia shule ya kata, nafundisha kidato cha pili mkondo B, darasa lina watoto 78 na vitabu vya kiada havitoshi, kitabu kimoja wanakaa wanne hadi watano. Kazi yangu bado naipenda sana, hilo naomba ulijue kwanza, maana nikiwasimulia watu haya wanadhani nimechoka ualimu.

Iko hivi. Tulipoanza yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, tukawa tunakaa walimu wa sayansi tunajadiliana namna ya kufundisha, mi nikaguswa kweli. Zamani nilikuwa naingia, najaza ubao notisi, watoto wananakili, naeleza kidogo, kengele inalia natoka. Nikabadilika. Sasa hivi naingia na swali moja naliandika ubaoni, kila mtu afikirie mwenyewe kwanza na aandike, halafu anamgeukia jirani yake wanaambiana, ndo tunakuja kuongea darasa zima. Kazi kubwa nawapa kwenye vikundi vya sita sita. Na mwisho wa kipindi nawagawia vikaratasi bila kuandika jina, leo umeelewa nini na nini bado kinakuchanganya. Usiku nakaa navisoma vyote.

Anti kuna vitu nimeviona darasani sijawahi kuviona. Tulifanya lile jaribio la wanga kwenye jani, jani moja la mche wa kwenye kopo uliokaa juani, jingine la mche tuliofungia kabatini gizani, ukishayatoa rangi ya kijani ukaweka iodini la juani linageuka bluu nyeusi na la gizani linabaki na ile rangi ya kahawia ya iodini. Kuna kijana hajawahi kufungua mdomo tangu kidato cha kwanza, akanyoosha mkono akasema, "Madamu, lile jani la kabatini si lilikuwa juani jana likiwa na wanga, sasa ule wanga umeenda wapi?" Nilitamani kulia. Hilo swali halipo kwenye notisi yoyote niliyowahi kuandika.

Sasa tatizo. Mtihani wa muhula umekuja, mkondo A wastani wao 46, sisi 39. Mtihani uliotungwa na mwalimu wa mkondo A, na mengi yalikuwa taja, orodhesha, toa maana. Kwenye kikao cha wazazi mama mmoja akasimama na daftari la mwanae akasema hili daftari ni jeupe, mtoto anaenda shule kufanya nini. Mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma, akaongezea kwamba upimaji wa kitaifa hauulizi mtoto alikaa kikundi gani. Pia nimesemwa kwamba nawaacha watoto wajadili kwa Kiswahili wakati shule ina sheria ya kuongea Kiingereza tu, ni kweli nawaacha, kwa sababu nikiwakataza wananyamaza wote.

Huyo mwalimu wa mkondo A sio adui yangu jamani. Ni kaka yangu kikazi, nilivyoripoti ndiye aliyenitafutia chumba, notisi zake zimepangika na watoto wanampenda. Ndo maana inaniwia vigumu hata kujitetea.

Mkuu wa shule ameniita, hakunifokea, ila kasema nichague. Aidha nirudi kufundisha "kawaida", notisi na pasti pepa mpaka upimaji upite, au mkondo B umwendee mwenzangu na mimi nichukue kidato cha kwanza. Jibu anataka shule zikifunguliwa.

Na kinachoniuma kuliko vyote ni vile vikaratasi. Kabla ya mtihani vilianza kuja vya namna hii: "Madamu tunaomba utufundishe." Kingine: "Mkondo A wana notisi sisi tuna maswali." Havikuwa viwili vitatu. Mimi niliyewaomba waseme ukweli ndo nimeambiwa sifundishi. Hivi nasimamia ninachokiamini, au nang'ang'ania kitu kinachowaumiza watoto wa watu? Nishauri.

Madamu wa Mkondo B

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma asubuhi nikairudia jioni. Nimeshika chaki miaka mingi kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha kushauri, kwa hiyo utanisamehe nikizama kwenye mambo ya darasani kuliko ulivyotegemea.

Nikikusikia vizuri, una mambo matatu yamekufika kwa wakati mmoja na yote yanaongea kama jambo moja. Kuna mkuu anataka jibu. Kuna wastani wa 39. Na kuna watoto wamekuandikia uwafundishe. Umeyasoma yote matatu kama hukumu moja, kwamba njia yako imefeli. Mi naomba tuyatenganishe kwanza, maana inawezekana kila moja linasema kitu chake.

Tuanze na vikaratasi kwa sababu ndivyo vinavyokunyima usingizi. Mtoto wa kidato cha pili amemwandikia mwalimu wake kwamba hafundishi, na amefanya hivyo kwa sababu ameamini hatachapwa wala kutafutwa. Hilo ni jambo kubwa, ila sitaki ulifanye kitulizo tu ukaacha kuwasikiliza. Swali langu ni hili, wao wakisema "kufundishwa" wanamaanisha nini? Miaka yote ya msingi na ule mmoja wa sekondari, kufundishwa kwao kumekuwa ubao kujaa na daftari kujaa. Kipindi ambacho mtu anatoka na kichwa kimechoka, amebishana, hajui kama alichosema ni sahihi, hicho hakifanani na kufundishwa hata kidogo.

Na sio watoto wa shule ya kata peke yao. Mwaka 2019 kule Harvard, Marekani, walichapisha utafiti wa wanafunzi wa Fizikia, mada zilezile, wengine wakafundishwa kwa mhadhara mzuri wa mwalimu mzoefu, wengine wakapewa maswali wakayahangaikia kwa vikundi huku mwalimu akiwasaidia. Walipoulizwa, waliohangaika wakasema wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Walipopewa mtihani, waliohangaika ndio waliofanya vizuri zaidi. Yaani ile hisia ya "leo nimeelewa" na kuelewa kwenyewe vinaweza kupishana. Watafiti wakashauri mwalimu awaeleze wanafunzi mapema kwa nini anafundisha hivyo. Wewe uliwaeleza? Kwenye barua sikuona, labda umefanya hukuandika.

Lakini hapo hapo nikuombe usiuchukue huo utafiti ukaenda nao kwa mkuu kama rungu. Harvard hawagombanii kitabu kimoja watu watano. Kuna watafiti wengine, Kirschner, Sweller na Clark, waliandika mwaka 2006 kwamba mtu ambaye ndo anaanza kujifunza jambo, ukimwachia agundue mwenyewe bila mwongozo wa kutosha, akili inalemewa. Hajui ashike lipi aache lipi. Anayeshaelewa msingi ndiye anayefaidi zaidi kuachiwa. Kwa hiyo ukiingia na swali moja zuri, yule mwenye msingi ameshapaa nalo, na yule ambaye neno lenyewe la Kiingereza halijui anasubiri jirani aandike na yeye anakili. Sasa kati ya wale waliokuandikia, wangapi wana ile hisia ya Harvard na wangapi kweli hawana pa kushika? Mimi kutoka huku siwezi kujua, na naona hata wewe bado hujajua. Ndo maana nisingependa uchague kabla ya kujua.

Njia ya kujua ipo na haina gharama. Chukua mada mliyofundisha mwanzoni mwa mwaka, mtunge jaribio fupi na huyo kaka yako, nusu ya maswali ya kutaja, nusu ya kueleza kwa nini. Wape mikondo yote miwili siku moja bila kuwatangazia, yaani asipatikane wa kukariri usiku. Nasema bila kutangaza kwa sababu watafiti wawili, Roediger na Karpicke, mwaka 2006 waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma, kundi moja likarudia kuyasoma, jingine likafunga na kujaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma wakaongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojikumbusha bila kuangalia ndio waliobaki nayo kichwani. Mtihani wa muhula uliokuja watoto wakiwa wametoka kukariri unaweza kupima ile dakika tano. Au pia unaweza kuwa umepima ukweli mwanangu, lazima niseme. Jaribio likirudi na watoto wako bado wako nyuma kote, kwenye kutaja na kwenye kueleza, hiyo pia ni habari na utahitaji moyo wa kuipokea.

Nimefurahi sana na yule kijana wa jani. Usiku mmoja gizani jani limeshatumia wanga wake, umevunjwa kuwa sukari, nyingine imetumika palepale na nyingine imesafirishwa kwenda sehemu nyingine za mmea, na mtoto amefika mlangoni pa hilo jibu mwenyewe kwa kutazama na kushangaa. Hata mimi ningelia. Ila nikuulize kwa upole, wale 77 wengine walikuwa wapi wakati huo? Kwenye kikundi cha sita nani alishika kalamu? Nakumbuka madarasa yangu, ukisimama mlangoni unaona vikundi vinachangamka, kelele nzuri ya kazi, ukisogea karibu unakuta wawili wanafanya, mmoja anatazama, watatu wanaongelea mpira. Mtoto kukaa kwenye kikundi hakuhakikishi kwamba anafikiri, kama ambavyo mtoto anayenakili kimya anaweza akawa anafikiri sana.

Kuna namna moja ya kugawa kazi aliianzisha mwanasaikolojia Elliot Aronson huko Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipokuwa zinachanganya watoto weusi, weupe na wa asili ya Meksiko na wakawa hawaelewani. Kila mtoto kwenye kikundi anapewa kipande chake cha somo, anaenda kukutana na wenye kipande kama chake kutoka vikundi vingine wanakielewa pamoja, halafu anarudi kuwafundisha wenzake. Hakuna wa kujificha kwa sababu kipande chako bila wewe hakipo. Hasara yake nayo ipo. Mtoto akikielewa vibaya anawaambukiza watano, na kwa watoto 78 kuwahamisha hamisha tu kunakula nusu ya kipindi. Kwa hiyo ukiijaribu, uijaribu kwenye vipindi viwili vya mfululizo na upite kwenye wale wenye kipande kimoja kabla hawajarudi kwa wenzao.

Sasa yule mama na daftari jeupe. Najua ilikuchoma mbele ya watu. Lakini hebu tumtazame tena. Kitabu kimoja kwa watoto watano, nyumbani pengine hakuna kitabu kingine cha Baiolojia hata kimoja, mtoto akirudi jioni anasoma nini? Kwa shule zetu nyingi notisi ndiyo kitabu. Tukisema notisi ni mambo ya kizamani tunasema kama watu wenye maktaba. Huyo mama hajakataa vikundi vyako, wala havijui, anachouliza ni mwanae atajikumbusha kwa kutumia nini. Na mimi naona ni swali halali kabisa. Ingekuwaje kama baada ya mjadala dakika kumi za mwisho zinakuwa za kuandika, maneno machache yaliyo sahihi, uliyoyapanga wewe, watoto wakiwa wameshayapigania? Sijui kama muda utakubali. Itabidi kitu kingine kipungue, labda vikaratasi visiwe kila kipindi.

Kuhusu Kiswahili nitakuwa mkweli, hapo nina upande. Mtoto ametoka msingi kwa Kiswahili, ukimnyima lugha anayoifikiria umemnyima kufikiri, na hilo nimeliona kwa macho yangu miaka yote. Sheria ya Kiingereza tu huwa inazalisha ukimya. Ila karatasi ya upimaji wa mwisho wa mwaka itakuja kwa Kiingereza na itajibiwa kwa Kiingereza, na kwenye barua yako sijaona mtoto anavukaje kutoka mjadala wa Kiswahili kwenda kwenye sentensi ya Kiingereza anayoweza kuiandika mwenyewe. Nenda kazitoe zile karatasi za mtihani wa muhula, uzisome upya. Pale walipokosa, wameacha wazi? Wameandika wazo sahihi kwa Kiingereza kilichovunjika? Au wameandika wazo ambalo sio? Huenda sehemu ya hiyo 39 ni lugha na wala sio Baiolojia. Kama ndivyo, unahitaji kitu kidogo sana, mwanzo wa sentensi ubaoni ambao watoto wanaumalizia baada ya kuongea kwa lugha yao, kila siku, mpaka mikono izoee.

Na pasti pepa usiziwekee kinyongo. Umeziweka kwenye barua pamoja na notisi kana kwamba ni ndugu. Ukimpa mtoto swali la zamani bila kufungua daftari, ajibu peke yake, halafu ageuke kwa jirani wabishane nani yuko sahihi na kwa nini, hapo si umefanya kilekile unachokipenda? Mkuu kasema pasti pepa, hajasema zifanywe namna gani.

Nije kwenye yale aliyokupa mkuu. Ukisema unabaki na njia yako, msingi unao. Mitaala ya sekondari inaongelea umahiri, yaani mtoto aweze kutumia alichojifunza, tangu 2005, na ile mipya iliyoanza kutekelezwa 2024 imeusisitiza zaidi, kwa hiyo huleti uasi, unafanya kilichoandikwa. Hatari yake ni kushinda hoja na kubaki peke yako stafu. Mkuu naye anaitwa na wakubwa zake, anaulizwa ziro ngapi na sababu ni nini, haulizwi kuhusu kijana wa jani. Ukilielewa hilo utaongea naye tofauti.

Ukirudi kwenye notisi mpaka upimaji upite, wazazi watatulia na pengine watoto pia. Hatari ninayoiona ni kwako wewe mwenyewe, "mpaka upimaji upite" huwa inazaa mwaka mwingine na upimaji mwingine. Lakini hata ndani ya notisi kuna vitu hakuna wa kukunyang'anya. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua kwamba walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kujibu wenyewe au kuhamia kwa mwingine, na wakisubiri tatu au zaidi majibu yanarefuka na watoto waliokuwa kimya wanaanza kusema. Sekunde tatu hazihitaji kibali cha mtaaluma.

Kuna la katikati ambalo mkuu hakulitaja na wewe hukulitaja, kuomba mada moja. Mada moja tu uifundishe unavyoamini, na dakika zako za notisi ndani yake, mtihani wake mtunge pamoja na mwenzako kabla hujaanza, matokeo muyaangalie watatu na mkuu. Anaweza kukataa, muda umebana. Na akikubali matokeo yakawa mabaya utakuwa umejifunga mwenyewe, kwa hiyo usiombe kama hauko tayari.

Kidato cha kwanza umekiandika kama adhabu. Labda kimetolewa hivyo, sijui alivyokitamka. Ila jiulize ukiwa umetulia, watoto wako wa mkondo B wamekuja kwako wakiwa wameshazoea kunakili na wameshaogopa Kiingereza, na hayo yote yalianzia mwaka gani? Kuna mwalimu angekitaka hicho kidato kwa sababu hiyo hiyo, na kuna mwalimu angekichukua akajiona amefukuzwa na likamla moyoni mwaka mzima. Wewe ni yupi unajijua mwenyewe. Na wale 78 ukiwaacha sasa hivi watasoma vipi kuondoka kwako, baada ya kukuandikia vile? Hilo nalo liweke mezani, hata kama hutalifanya liamue.

Kabla ya yote hayo nadhani kuna mtu mmoja wa kuongea naye kwanza, na sio mkuu. Ni kaka yako wa mkondo A. Aliyekutafutia chumba hatakataa kukaa na wewe na karatasi za watoto mchana mmoja wa likizo. Mwombe akuoneshe notisi zake, na wewe umweleze lile swali la kijana wa kabatini, umuulize yeye angelijibu vipi darasani kwake. Inawezekana mkitoka hapo mkuu akaja kupokea pendekezo la walimu wawili badala ya jibu la mmoja. Inawezekana pia asikubaliane na wewe hata kidogo, na bado utakuwa umejua anachokiona yeye ambacho wewe hukioni.

Niandikie ukishasoma zile karatasi, hasa hilo la lugha nataka sana kujua umekuta nini. Ukipenda nitakujibu pembeni, sio lazima litoke hapa.

Anti yako